UZI: Farasi na ngamia wa "Tang" kutoka China, nakala ya heshima ni ipi na feki ni ipi

Mfinyanzi wa Bondeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye majukwaa ya wanaochukua mzigo Guangzhou na Yiwu swali hili haliishi: mtu ameonyeshwa farasi wa udongo mwenye rangi ya asali, kijani na maziwa, ameambiwa katoka kaburini na ana miaka 1,300, bei imeshushwa "kwa ajili ya urafiki", sasa anauliza achukue au aache. Leo nalishusha lote hapa. Watu wanapigwa pesa nyingi, na papo hapo wanadharau kazi yenye ustadi mkubwa kwa sababu tu ni mpya. Mimi nafundisha ufinyanzi, na sanamu hizi nazipenda kwa dhati.

Msimamo wangu nautoa mapema. Nakala iliyotengenezwa vizuri na kuuzwa kama nakala ni kazi ya heshima, inunue kwa moyo mweupe. Inakuwa feki pale muuzaji anapoipa umri usio wake.

Tuanze na zenyewe za kale. Enzi ya Tang ilitawala China kuanzia 618 hadi 907. Makao makuu yalikuwa Chang'an, ambayo leo ni Xi'an, na mji wa pili ulikuwa Luoyang, mkoani Henan. Mtu mwenye cheo akifariki alizikwa na msafara mzima wa udongo: farasi, ngamia, walinzi wa kaburi wenye sura za kutisha, maofisa, wanawake wa mashavu manene, wageni wenye ndevu kutoka Asia ya Kati. Ukubwa na idadi vilifuata cheo cha marehemu, na dola yenyewe iliweka kanuni. Vilitengenezwa kwenda chini ya ardhi, hakuna aliyeviweka sebuleni.

Makumbusho ya Uingereza jijini London yana kundi la sanamu 13 zinazohusishwa na kaburi la jenerali Liu Tingxun aliyefariki mwaka 728, na zile kubwa zinakaribia mita moja kwenda juu. Xi'an mwaka 1957, kwenye kaburi la Xianyu Tinghui aliyezikwa 723, alichimbuliwa ngamia wa kimo cha sentimita 58 hivi aliyebeba jukwaa mgongoni, na juu ya jukwaa watu watano, wanamuziki na mcheza ngoma. Huyu ngamia kumbukeni sura yake, maana ndugu zake wapya mtawakuta madukani kila kona ya Xi'an na Luoyang.

Sasa utengenezaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ukiuelewa huu, mengine yote yanafunguka.

Udongo ni mweupe au wa maziwa, wenye kaolini. Fundi wa Tang alitumia kalibu ya vipande viwili. Alikandamiza udongo ndani yake kwa vidole, akatoa nusu mbili za mwili, akaziunganisha kwa uji wa udongo, kisha akapachika shingo, kichwa, miguu na mkia vilivyotoka kwenye kalibu nyingine. Ukimpindua farasi wa namna hii na kumulika tochi tumboni, unaona alama za vidole, unaona mshono, unaona ukuta mnene hapa na mwembamba pale.

Akikauka anaingia tanurini bila rangi yoyote, moto wa nyuzi 1,000 hadi 1,100 za Selsiasi. Akitoka ndipo anapakwa glezi, ule utando wa kioo. Glezi ya Tang ilikuwa na oksidi ya risasi kwa wingi pamoja na mchanga wa kwatzi. Ukitia chuma unapata rangi ya asali mpaka kahawia iliyoiva, ukitia shaba unapata kijani, usipotia kitu inabaki maji ya maziwa. Kobalti inatoa buluu, lakini ilikuwa adimu, ndiyo maana sanamu zenye buluu zilikuwa za gharama. Kisha moto wa pili, mdogo kuliko wa kwanza, nyuzi 800 hadi 900 hivi.

Risasi inayeyuka mapema na glezi yake ina mwendo. Ndani ya tanuri inaanza kutiririka: kijani cha tandiko kinashuka ubavuni, kinakutana na asali, vinaingiliana, na mwisho unaganda tone nene juu ya kwato. Fundi anapanga pa kuanzia, njia ya katikati anaiachia moto. Hata kalibu ikiwa moja, farasi wawili hawatoki sawa. Mimi kila nikimwangalia mmoja, jicho linaenda kwanza kwenye lile tone.

Binti Mwambao

Mkuu hapo umenigusa. Ila mbona sanamu nyingi za watu nilizoona pichani kichwa hakina glezi, kimebaki kikavu?

Mfinyanzi wa Bondeni

Ni kwa sababu ya mtiririko huo huo, dada. Glezi ingeshuka usoni ikafunika macho na midomo. Kwa hiyo kichwa kiliachwa kikavu, kikatoka tanurini, ndipo kikapakwa weupe, nyusi na nywele kwa wino mweusi, midomo nyekundu. Rangi hizo hazikuchomwa, kwa hiyo baada ya karne nyingi kwenye unyevu wa kaburi nyingi zimepukutika. Mafundi wa leo wanaoheshimu kazi wanafanya hivyo hivyo: uso mkavu, brashi nyembamba, mkono usiotetemeka. Ukitaka kupima karakana, angalia nyuso kwanza. Mwili unaweza kubebwa na uzuri wa glezi, lakini usoni hakuna pa kujificha.

Dalali wa Kariakoo

Nondo hizi. Sasa nani alianza kuiga, na lini?

Mfinyanzi wa Bondeni

Baada ya uasi wa An Lushan ulioanza mwaka 755 nchi iliyumba, na mazishi ya kifahari ya namna ile yakafifia. Sanamu zikalala ardhini zaidi ya miaka elfu moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikajengwa reli ya kuunganisha Kaifeng na Luoyang, ikapita kwenye vilima vya Mangshan, kaskazini mwa Luoyang, ambako makaburi ya enzi nyingi yamebanana. Majembe ya wajenzi yakafumua farasi na ngamia. Wenyeji waliviona vitu vya mkosi, vya wafu. Vilipofika kwenye maduka ya vitu vya kale ya Liulichang, Beijing, wasomi kama Luo Zhenyu na Wang Guowei wakavitambua thamani yake, na wageni wa Ulaya, Japani na Marekani wakaanza kununua.

Nyingi zilitoka zimevunjika. Basi wakatafutwa mafundi wa kuunga. Kuna kijiji kinaitwa Nanshishan, eneo la Mengjin, jirani kabisa na vilima hivyo, na ukoo wa Gao wa hapo ndio uliojijengea jina. Anayeunga mguu uliokosekana lazima ajue udongo wake, rangi yake na moto wake, na akishajua hayo anaweza kutengeneza farasi mzima. Kazi ilianzia hapo. Leo kijiji hicho kina karakana nyingi, na mwaka 2008 ufundi wa kuchoma vyombo hivi vya rangi tatu uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya China ya urithi usioshikika. Gao Shuiwang wa Nanshishan ni mmoja wa mafundi wanaotambuliwa rasmi kuubeba.

Na ustadi wao si wa kubahatisha. Miaka ya 1990 soko la Panjiayuan, Beijing, lilimwagika sanamu za udongo za enzi ya Wei ya Kaskazini (386 hadi 534), enzi iliyotangulia Tang. Makumbusho makubwa ya Beijing yalinunua kwa nia njema ya kuokoa mali ya taifa, yakiamini kuna kaburi limeporwa. Kufuatilia chanzo, njia ikaishia kwa mafundi wa Henan, kijiji hicho hicho. Magazeti ya China yamekisimulia kisa hiki mara nyingi. Kwangu ni ushahidi kwamba mkono wa fundi wa leo unaweza kufika ulikofika mkono wa kale.

Mzee wa Hoja

Napinga kidogo. Nakala ni nakala. Kuisifia hivi ni kuwapamba matapeli. Kama fundi kamdanganya mtaalamu wa makumbusho, tumpigie makofi ya nini?

Mfinyanzi wa Bondeni

Mzee, shikamoo, na hoja yako ni ya haki. Lakini tutenganishe watu watatu: aliyefinyanga, aliyezeesha na aliyeuza kwa uongo. Mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingi sivyo. Aliyefinyanga amefanya kitu kigumu, kwa sababu hakuachiwa kitabu cha mapishi ya glezi. Ilibidi vizazi vijaribu udongo, vijaribu risasi, vijaribu moto, mpaka wakapata asali ile yenye kina. China kuiga cha kale si aibu. Enzi ya Song, karibu miaka elfu moja iliyopita, wasomi na mfalme Huizong mwenyewe walikusanya vyombo vya shaba vya kale na kuagiza vipya vya umbo lile. Shiwan, huko Foshan, wafinyanzi walijijengea sifa wakiiga glezi za tanuri za kale za Jun, na mwisho wakawa na mtindo wao kabisa.

Lingine, na hili ndilo linaloniuma. Sanamu ya kweli isiyo na karatasi imetoka wapi? Imetoka kwenye kaburi lililovunjwa usiku. Anayeivunja hachukui vipimo, haandiki nani alizikwa, farasi alisimama upande gani wa lango. Anachukua chenye bei na kuponda kilichobaki. Kila anayenunua nakala kwa jina la nakala anamnyima mtu huyo mteja. Kwa hiyo mimi fundi nitamsifu, tena hadharani, na muuzaji mwongo nitampinga hadharani vile vile.

Dalali wa Kariakoo

Twende kwenye pesa. Nitajuaje? Kuna mashine?

Mfinyanzi wa Bondeni

Kipimo kipo, kinaitwa themoluminesensi, na maabara ya Oxford, Uingereza, ndiyo iliyokikuza kwa vyombo vya udongo. Ndani ya udongo kuna chembe za madini ya kwatzi na feldispa. Miale midogo ya asili kutoka kwenye uranio, thorio na potasi iliyomo udongoni na ardhini inaziingizia nishati kidogo kidogo miaka yote. Chukulia mtungi uliowekwa chini ya bomba linalovuja tone tone. Moto wa tanuri unaumwaga mtungi wote, na baada ya hapo kuhesabu kunaanza upya. Maabara wanatoboa tundu dogo mahali pasipo na glezi, wanachukua unga kidogo, wanaupasha joto, unatoa mwanga, na wingi wa mwanga unaeleza ni muda gani umepita tangu moto wa mwisho. Makosa yake ni asilimia 20 hadi 25 hivi, kwa hiyo hakitakwambia ni mwaka 700 au 750, lakini kati ya miaka 1,300 na miaka 30 hakikosei.

Kipimo hiki kimewahi kuangusha kundi zima. Kuanzia miaka ya 1940 kulikuwa na sanamu ndogo nyeusi zinazong'aa, wacheza ngoma na wanyama, zikisemekana ni za kaburi za kale zaidi huko Huixian, Henan, kabla hata ya enzi ya Qin iliyoanza mwaka 221 kabla ya Kristo. Ziliingia kwenye makumbusho na makusanyo yenye majina. Mwaka 1972 watafiti wa Oxford walitangaza majibu ya zile walizozipima: zote mpya.

Lakini nao waongo walijifunza. Wengine wanapiga sanamu miale ili mtungi ujae haraka. Wengine wanaunga farasi kwa vipande vya kale vya vyombo tofauti. Wengine wanapachika kipande cha kale pale pale panapotobolewa kwa kawaida, ndiyo maana sampuli huchukuliwa zaidi ya sehemu moja. Na vyeti vya maabara navyo vinaghushiwa. Ukionyeshwa cheti, iulize maabara yenyewe kwa namba yake na ulinganishe picha na kitu kilichopo mbele yako.

Kwa macho na vidole, angalia haya. Tumbo la ndani likiwa laini na ukuta una unene mmoja kila mahali, ujue uji wa udongo ulimiminwa kwenye kalibu ya plasta, njia ya kisasa. Glezi ya kale ina nyufa nyembamba mno, za kukaribiana, na mara nyingine mng'ao wa upinde wa mvua kwa sababu uso wake umeliwa na unyevu. Glezi mpya inametameta, basi wanaoizeesha wanaiosha kwa asidi, mng'ao ukafifia lakini ukafifia kote kwa usawa, hata kwenye mikunjo ambako kitambaa wala udongo haufiki. Udongo wa kaburi umeshikana na chombo na mizizi midogo imeacha alama. Udongo wa gundi unabanduka vipande ukiloweshwa. Harufu ya kemikali ukikinusa karibu ni jibu tosha.

Hata hivyo, nawaomba msiibebe orodha hii sokoni mkadhani mmekuwa wataalamu. Ichukulie kila inayouzwa mtaani kuwa mpya. Hutakosea.

Mwanafunzi Ughaibuni

Niko Ujerumani. Huku kuna kisa cha wanajeshi wa udongo, ni kweli?

Mfinyanzi wa Bondeni

Kweli. Novemba 2007 makumbusho ya ethnolojia ya Hamburg yalifungua maonyesho ya jeshi la udongo la Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo. Desemba hiyo hiyo yakafungwa baada ya kubainika kwamba sanamu zilizoletwa ni nakala, na wageni wakaahidiwa kurudishiwa kiingilio. Sanamu ni zile zile kabla na baada ya habari kutoka. Kilichokuwa kibaya ni bango la mlangoni. Kama lingesema nakala, mtoto wa shule wa Hamburg angeweza hata kumgusa mwanajeshi mkono, jambo ambalo Xi'an haliwezekani. Jeshi lile liligunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, na karakana za Xi'an zinatengeneza nakala zake kwa udongo wa eneo hilo hilo, kuanzia za kiganjani mpaka za kimo cha mtu.

Binti Mwambao

Na zile sanamu nyeusi zenye nywele za kipilipili? Kuna muuzaji aliniambia ni "Mswahili wa Tang".

Mfinyanzi wa Bondeni

Swali zuri, na hapa wateja kutoka Afrika wanashikwa moyo kirahisi. Ni kweli makaburi ya Tang yametoa sanamu chache za watu weusi. Inayojulikana zaidi ilitoka Xi'an mwaka 1948, kwenye kaburi la binti wa ukoo wa Pei aliyezikwa mwaka 850. Ni ndogo, sentimita 15 hivi. Wachina wa enzi hiyo waliwaita watu wa namna hiyo Kunlun, jina walilolitumia pia kwa watu wa visiwa vya Asia ya Kusini Mashariki, na wataalamu hadi leo wanabishana kuhusu asili yao. Kumwita Mswahili ni maneno ya kuuzia.

Pwani yetu ina uhusiano wa kweli na China ya wakati ule, ila kwa njia nyingine. Manda na Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, vimechimbuliwa vigae vya vyombo vya tanuri za Yue na Changsha za China, vya karne ya 9 na ya 10. Baadaye sana mabakuli ya China yakajengewa kwenye makaburi ya nguzo, nenda Kunduchi au Mambrui utaona mahali yalipokuwa. Vilivyovuka bahari vilikuwa vyombo vya mezani na mitungi ya mizigo, bidhaa za biashara. Farasi wa kaburini alitengenezwa kwa ajili ya kaburi la kwao.

Dalali wa Kariakoo

Sheria je? Tuseme nimebahatika nimepata ya kweli.

Mfinyanzi wa Bondeni

Basi umepata kesi. China hairuhusu vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutoka nchini, na vya makaburini ni mali ya taifa. Marekani tangu Januari 2009 ina makubaliano na China yanayozuia kuingizwa kwa vitu vya kiakiolojia vya China mpaka mwisho wa Tang, mwaka 907. Muuzaji anayekuhakikishia ni ya kweli, ama anakudanganya ama anakuuzia mali ya wizi. Ondoka.

Mama Kachumbari

Mimi nimependa bakuli la rangi hizo, nataka la saladi. Linafaa?

Mfinyanzi wa Bondeni

Hapana, mama, tafadhali sana. Glezi ya risasi na ndimu au siki havikai pamoja, tindikali inaichomoa risasi na kuiingiza kwenye chakula. Ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Ziko karakana zinazotumia glezi zisizo na risasi, lakini chombo kikiwa hakina maandishi ya kuthibitisha hivyo, kiwe pambo tu. Na mtoto asimnyonye farasi masikio.

Mwanafunzi Ughaibuni

Mwisho mkuu: mwaka huu napita Luoyang. Nitanunua nakala. Nichague vipi na nimbebe vipi?

Mfinyanzi wa Bondeni

Nenda karakanani, usiishie kwenye maduka ya stesheni. Omba kuona waliotoka tanurini karibuni, wakiwa wengi rafuni, kisha walinganishe mmoja mmoja. Mtafute ambaye rangi zimeshuka na kukutana bila kuwa tope. Angalia pua iko wazi, mdomo una meno, mishipa ya shavu inaonekana, maana kalibu iliyochoka inatoa uso uliofutika. Msimamishe mezani uone kama kibao cha chini kimelala sawa. Muulize fundi alichoma mara ngapi na kwa udongo gani. Mwenye kazi yake atakueleza kwa furaha. Wengi wanatia muhuri au jina chini, na huo muhuri ndio thamani yako, usikubali mtu akwambie uukwangue.

Kumbeba, usimshike kichwa wala mkia, vimeungwa. Mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye kibao. Jaza sponji laini katikati ya miguu minne kabla ya kumzungushia kitu nje, kwa sababu miguu inavunjika kwa kukandamizwa kutoka pembeni. Boksi mbili, moja ndani ya nyingine. Risiti ya karakana ikae mfukoni mwako, ikiwa imeandikwa wazi kwamba ni kazi mpya, ili ukisimamishwa uwanja wa ndege uitoe hapo hapo bila kufungua mzigo.